Makadirio ya kijasusi yanapimwaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila serikali kubwa ina watu wanaolipwa kuwaambia viongozi nini kitatokea mwezi ujao au mwaka ujao. Serikali zinazorudi nyuma kuangalia kama kilichosemwa kilitokea ni chache. Majibu yaliyo hapa chini ni ya mtu anayepokea makadirio hayo, anayeyasimamia kutoka bungeni, au anayeyaandika na angependa kujua anavyopimwa.

Tunapima nini hasa?

Ripoti ya kijasusi huwa na vitu viwili vilivyochanganyika. Kuna taarifa: kikosi fulani kimesogea mpakani, waziri fulani amekutana na jenerali fulani usiku. Na kuna makadirio: kikosi hicho kitavuka mpaka kabla mwezi haujaisha, waziri huyo atajiuzulu. Taarifa huthibitishwa au hukanushwa. Makadirio husubiri. Hapa tunazungumzia hayo ya pili, maana idara inaweza kuwa hodari wa kunasa siri na bado ikawa dhaifu wa kukadiria.

Si tuulize tu kama walipatia au walikosea?

Swali hilo linamfaa anayesema "itatokea" au "haitatokea". Mchambuzi makini hasemi hivyo. Anasema uwezekano ni asilimia 70, yaani katika mambo 100 ya namna hiyo, 30 hayatatokea naye atakuwa hajakosea kitu. Ukimfokea kwa moja kati ya hayo 30, umemfundisha asitaje namba tena. Kesho atakuandikia "hatari ipo", na hapo hutamkamata kamwe.

Kuna shida nyingine: mara nyingi kinachoitwa "utabiri" ni tabiri mbili tatu zilizofungwa pamoja. Mwanzoni mwa 2022 idara za Marekani na Uingereza zilionya kwa wiki kadhaa, tena hadharani, kwamba Urusi ingeivamia Ukraine. Februari 24 uvamizi ukaanza. Wafaransa walikuwa wamesoma hali ileile kwa namna nyingine. Mkuu wao wa majeshi wa wakati huo, Jenerali Thierry Burkhard, alieleza baadaye kwamba idara zao ziliona gharama ya kuiteka Ukraine ingekuwa kubwa mno na kwamba Urusi ilikuwa na njia nyingine. Hapo Wamarekani wanachukua alama zote. Ila haohao walidhani Kyiv ingeanguka ndani ya siku chache, na haikuanguka. Ile hoja ya Wafaransa kuhusu gharama ndiyo iliyosimama, ingawa hitimisho lao lilianguka. Nani alipatia? Swali halina jibu mpaka uyatenganishe: kukadiria nia ya Moscow ni mstari mmoja, kukadiria uwezo wa majeshi mawili ni mstari mwingine, na kila mstari upate alama yake.

Maneno kama "huenda" na "yamkini" yana ubaya gani?

Mwaka 1951 ofisi ya makadirio ya CIA ilitoa waraka kuhusu Yugoslavia. Ulisema kwamba shambulio dhidi ya nchi hiyo mwaka huo lichukuliwe kuwa jambo lenye uwezekano mzito. Ofisa mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje akamuuliza Sherman Kent, aliyekuwa miongoni mwa walioutoa, maneno hayo yalimaanisha nini. Kent akajibu: kama 65 kwa 35 kwamba shambulio litakuja. Ofisa akashtuka, kwa kuwa yeye na wenzake walikuwa wameyasoma kwa uzito mdogo zaidi. Kent akaenda kuwauliza wajumbe wenzake mmoja mmoja. Alikuta mwenye 80 kwa 20, na mwenye 20 kwa 80. Watu waliokaa meza moja na kuipitisha sentensi moja walikuwa hawakubaliani hata kama shambulio linaelekea kutokea au kutotokea. Kilichowapa mwafaka ni ukungu wa neno.

Miaka kumi baadaye majenerali walimwambia Rais Kennedy kwamba mpango wa kuivamia Kuba una nafasi ya kuridhisha. Aliyeandika maneno hayo alisema baadaye kuwa kichwani mwake yalikuwa na maana ya tatu kwa moja dhidi ya mafanikio. Kennedy hakuyasoma hivyo, na kikosi kilichoshuka Ghuba ya Nguruwe mwezi Aprili 1961 kilishindwa kwa siku tatu.

Asidhani mtu kwamba lugha yetu imesalimika. Waulize watu watano "yamkini" ni asilimia ngapi. Yupo anayeisikia kama "haishindikani", na yupo anayeisikia kama "inaelekea ndivyo". "Huenda" hubeba kuanzia 20 hadi 80 bila kulalamika. "Labda" na "pengine" hugeuka maana kutokana na sauti ya msemaji, na ripoti haina sauti. La kuogopwa zaidi ni "bila shaka", kwa sababu mara nyingi hutamkwa na mtu anayepigana na shaka yake mwenyewe.

Jedwali za maneno hazijamaliza tatizo hilo?

Zimelipunguza. Wachambuzi wa Marekani hufuata waraka wa viwango uliofanyiwa marekebisho 2015, unaogawa uwezekano katika ngazi saba: kuanzia karibu haiwezekani (asilimia 1 hadi 5), kupitia nusu kwa nusu (45 hadi 55), mpaka karibu hakika (95 hadi 99). Waingereza wana kipimo chao chenye ngazi saba pia, lakini wameacha mianya kati ya ngazi na ngazi ili zisigusane. Neno ambalo kwa Mmarekani linaanzia 20 mpaka 45, kwa Mwingereza linaanzia 25 mpaka 35. Washirika wanaopeana ripoti kila siku hutumia kamusi mbili.

Tatizo kubwa zaidi ni msomaji. Jedwali liko ukurasa wa mwisho, waziri anasoma ukurasa wa kwanza, na anasoma kwa kamusi aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Dawa ni kuweka namba palepale, kando ya neno, kila neno linapotokea.

Kuweka namba si kujifanya una uhakika usiokuwa nao?

Pingamizi hili ni la zamani, na wanaolitoa si wajinga. Lakini fikiria: anayeandika "inaelekea" ameshakisia tayari. Namba haiongezi makisio, inayavua nguo tu. Mashindano ya utabiri yaliyofadhiliwa na IARPA, taasisi ya utafiti ya jumuiya ya ujasusi ya Marekani, kuanzia 2011 hadi 2015, yaliacha mamia ya maelfu ya makisio ya watu halisi kuhusu matukio halisi ya kisiasa. Watafiti walipoyachukua makisio hayo na kuyakaza yaingie katika ngazi saba, usahihi ulipungua, hasa kwa watabiri bora. Maana yake, tofauti kati ya 60 na 70 iliyokuwa vichwani mwao ilikuwa imebeba kitu.

Ni utabiri gani usiopimika kabisa?

Ule uliojengwa kama methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni msemo mtamu na hauna siku utakayokosea, kwa sababu haukutaja siku. Ripoti nyingi za kijasusi zimejengwa vivyo hivyo. "Mvutano utaendelea." "Hali inaweza kuzorota endapo mazungumzo hayatazaa matunda." "Upinzani utatafuta namna ya kuongeza shinikizo." Hakuna tukio litakalowahi kuzikanusha.

Kipimo changu ni hiki: kama kungekuwa na mtu anayeiona kesho yote bila pazia, lakini asiyejua ulikuwa unafikiria nini ulipoandika, angeweza kukujibu ndiyo au hapana? "Je, serikali itadhoofika?" angekuuliza unamaanisha nini. "Je, waziri mkuu wa sasa atakuwa ameondoka madarakani kufikia Desemba 31?" angekujibu papo hapo.

Lakini si kila kitu katika ripoti kigeuzwe kuwa swali la ndiyo au hapana. Kueleza kwa nini jenerali fulani anamchukia mwenzake kuna thamani yake, ingawa hakuna tarehe ya kulihakiki. Ninachokataa ni maelezo kuvaa kanzu ya utabiri.

Alama ya Brier ni nini?

Ni kipimo alichokitoa Glenn Brier mwaka 1950 kwa ajili ya watabiri wa hali ya hewa, watu waliozoea kusahihishwa kila asubuhi. Chukua uwezekano uliotaja, toa kilichotokea (1 kama kilitokea, 0 kama hakikutokea), zidisha jibu kwa jibu lenyewe. Ulisema asilimia 80 na jambo likatokea: 0.8 toa 1, kipeo cha pili, ni 0.04. Halikutokea: 0.64. Kisha pata wastani wa makadirio yako yote. Sifuri ni ukamilifu, na anayejibu 50 kwa kila swali hubaki na 0.25 milele. Ukikuta jedwali lenye alama zinazofika 2, usishtuke, ni namna ya mwanzo ya kuhesabu, inayojumlisha pande zote mbili za swali.

Uzuri wake ni kwamba haiwezi kuchezewa. Njia pekee ya kupata alama nzuri kwa muda mrefu ni kuandika unachoamini kwa dhati, usikiongeze ili usikike na usikipunguze ili usilaumiwe.

Kuna anayeniambia "ulinganifu" na "upambanuzi". Tofauti yake?

Ulinganifu: mambo uliyoyapa asilimia 70, je, yalitokea takriban mara 70 kati ya 100? Upambanuzi: uliweza kuyapa namba kubwa yale yaliyotokea na namba ndogo yale yasiyotokea? Mtu anaweza kuwa na cha kwanza bila cha pili. Kama mvua hunyesha siku 30 kati ya 100, anayesema "asilimia 30" kila asubuhi ana ulinganifu usio na doa, na hakuna atakayemuuliza kama achukue mwavuli.

Kwa mtunga sera, upambanuzi ni mali adimu zaidi. Ulinganifu mbovu unarekebishika: ukijua idara fulani ikisema 70 mambo hutokea mara 85, unaisoma 70 yao kama 85. Asiyejua kupambanua hana cha kurekebishwa.

Idara inajisifu kuwa imepatia asilimia 96. Nifurahi?

Uliza kwanza mambo ya aina hiyo hutokea mara ngapi. Chukua mfano wa nchi 50 zinazofuatiliwa kwa mwaka mmoja, na mapinduzi yakatokea katika nchi 2. Anayeandika "hakutakuwa na mapinduzi" kwa nchi zote 50 amepatia asilimia 96 bila kufungua hata faili moja. Kwa Brier, alama yake ni 0.04. Sasa mlinganishe na mchambuzi aliyezitaja nchi 4 kwa asilimia 40 kila moja, zikiwemo zile 2, na nyingine 46 akazipa asilimia 1. Alama yake ni 0.021, karibu nusu. Huyu wa pili amepiga "kengele" nne na mbili zikalia bure, naye ndiye pekee aliyekupa kitu cha kufanyia kazi.

Kwa hiyo alama yoyote ilinganishwe na ya mtu mvivu anayejua takwimu za nyuma tu. Mwanasaikolojia Philip Tetlock alifanya hivyo kwa wataalamu 284 wa siasa na uchumi, kwa kipindi cha takriban miaka 20, akachapisha matokeo 2005. Wengi wao hawakuwa mbele sana ya kanuni nyepesi kama "mambo yataendelea yalivyo". Waliofanya vibaya zaidi walikuwa wale wenye wazo moja kubwa linaloeleza kila kitu, na hao ndio vyombo vya habari huwapenda.

Wachambuzi wa serikali nao wakoje? Kuna aliyewahi kuwapima?

Yupo, na matokeo yanashangaza. David Mandel na Alan Barnes walikusanya makadirio 1,514 kutoka ripoti za siri za ofisi ya tathmini ya ujasusi ya Kanada, wakayalinganisha na yaliyotokea, wakachapisha 2014. Barnes mwenyewe aliwahi kukiongoza kitengo cha Mashariki ya Kati na Afrika katika ofisi hiyo, na ndiye aliyewazoesha wachambuzi wake kutumia namba. Waligundua upambanuzi wa hali ya juu na ulinganifu mzuri. Wakongwe waliwazidi wachanga.

Kosa lilikuwa upande ambao wengi hawautarajii. Wachambuzi hawakujiamini kupita kiasi, walijiamini chini ya walivyostahili. Mambo waliyoyapa asilimia 75 au hivi yalitokea mara nyingi zaidi ya hapo. Na woga huo uliongezeka kwa makadirio yaliyoonekana kuwa muhimu zaidi kwa maamuzi ya sera. Pale ambapo kiongozi alihitaji neno zito ndipo mchambuzi alipolilainisha.

Sioni ugumu kuielewa tabia hiyo. Ukisema 95 na jambo lisitokee, kuna kikao. Ukisema 75 na likatokea, hakuna anayekuja kukuuliza ile 20 uliificha wapi. Ofisi inayoadhibu kosa moja la sauti kubwa na kusamehe makosa mia ya sauti ndogo itapata wachambuzi wanaonong'ona.

Hiyo ni ofisi moja ndogo ya nchi moja, iliyokubali kufungua makabati yake. Usiitumie kuzitetea idara zote.

"Kiwango cha kujiamini" kinachoandikwa kando ya uwezekano ni kitu gani?

Ni kitu kingine kabisa, na viongozi huvichanganya kila siku. Uwezekano unahusu tukio. Kiwango cha kujiamini kinahusu msingi wa makadirio: vyanzo ni vingapi, vinajitegemea, vinakubaliana? Sarafu usiyoijua ina nusu kwa nusu kwa kujiamini kidogo. Sarafu uliyoirusha mara elfu ina nusu kwa nusu kwa kujiamini sana. Njia rahisi ya kuukumbuka mgawanyo huo ni kuuliza: habari mpya ikija kesho, namba hii inaweza kuyumba kiasi gani?

Mfano mchungu ni waraka wa Marekani wa Oktoba 2002 kuhusu Iraki. Ulisema kwa kiwango cha juu cha kujiamini kwamba Iraki inaendeleza silaha za kemikali, za kibaolojia na za nyuklia. Mwaka 2005 tume iliyoundwa na Rais Bush ilihitimisha kwamba karibu hukumu zote za kabla ya vita zilikuwa potofu. Kwa silaha za kibaolojia, sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka kwa mtu mmoja aliyekuwa mikononi mwa idara ya ujasusi ya Ujerumani, na ambaye Wamarekani hawakuwahi kumhoji wenyewe. Kujiamini kukubwa, mguu mmoja. Kitengo cha ujasusi cha Wizara ya Mambo ya Nje kiliandika pingamizi lake kuhusu nyuklia ndani ya waraka uleule. Wachache walilisoma.

Kumbuka upande wa pili pia. Januari 2003 jumuiya hiyohiyo ya ujasusi iliandika kwamba baada ya Saddam ujenzi wa demokrasia ungekuwa mgumu na mrefu, na kwamba makundi ya ndani yangeweza kupigana. Kamati ya Seneti ilipozitoa karatasi hizo 2007, zilionekana kama gazeti la siku hiyo. Makadirio mazuri yalikuwapo, hayakubadili chochote. Ukipima idara, usiihesabie kosa la msomaji.

Na onyo likisababisha tukio lisitokee?

Hilo ndilo fumbo linalopendwa na wanaokataa kupimwa. Unaonya kuhusu shambulio, ulinzi unaongezwa, mshambuliaji anaghairi, na daftari linasema ulikosea. Ni kweli hutokea, ila ni mara chache kuliko inavyodaiwa, kwa kuwa makadirio mengi yanahusu mambo ambayo serikali inayoyasoma haina uwezo wa kuyageuza. Kwa yale machache, andika makadirio mawili tangu mwanzo: uwezekano tusipofanya lolote, na uwezekano tukichukua hatua fulani. Kisha uhakiki ule ambao hali yake ilitimia. Anayekimbilia fumbo hili kwa kila kosa, mwambie akuonyeshe hatua iliyochukuliwa.

Idara iliyopatia mara ya mwisho, niiamini zaidi?

Kidogo sana, na kwa tahadhari. Katika majira ya kuchipua ya 1973 kulikuwa na dalili za vita dhidi ya Israeli. Mkuu wa ujasusi wa jeshi, Eli Zeira, alisema uwezekano wa vita ni mdogo. Mkuu wa majeshi alichukua tahadhari hata hivyo, kwa gharama, na vita havikuja. Zeira akaonekana mwamba. Oktoba dalili zikarudi, akasema tena uwezekano ni mdogo, na safari hii alisikilizwa. Tarehe 6 Misri na Syria zikashambulia.

Kilichomwangusha ni imani moja iliyokaa chini ya makadirio yote mawili: kwamba Misri isingeingia vitani kabla ya kupata ndege za kufika mbali. Mara ya kwanza imani hiyo haikujaribiwa, ilipita tu bila kugongwa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini wingu lililopita bila kunyesha halithibitishi kwamba unajua kusoma mbingu. Baada ya vita jeshi liliunda kitengo cha kupinga kwa makusudi kila hitimisho la wengi. Kitengo hicho kilikuwapo bado Oktoba 7, 2023, Hamas iliposhambulia.

Kuna hesabu ndani yake. Mtabiri mwenye ulinganifu kamili aliyetaja asilimia 70 mara 10, ana nafasi ya takriban moja kati ya saba ya kuona mambo 5 au pungufu yakitokea. Kwa makadirio 100, kuona 50 au pungufu ni kama muujiza. Moja halisemi kitu, kumi yananong'ona, mia yanaongea.

Njia nzuri iliyotoa jibu baya ihukumiwe vipi?

Septemba 19, 1962, ofisi ya Kent, huyu huyu wa Yugoslavia, iliandika kwamba Wasovieti hawaelekei kuweka makombora ya nyuklia Kuba. Oktoba 14 ndege ya upelelezi ya U-2 ikayapiga picha. Kent aliutetea waraka ule hadi mwisho: kwa ushahidi uliokuwapo, alisema, hukumu ilikuwa ya busara, na aliyekosea ni Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, aliyefanya jambo lisilo na akili. Mkurugenzi wa CIA mwenyewe, John McCone, alikuwa na wasiwasi tangu Agosti.

Mimi namwelewa Kent na simpi msamaha wote. Kwa tukio moja, ndiyo, hukumu ya busara inaweza kuangukia upande mbaya. Lakini "njia yetu ilikuwa nzuri" ni dai la kuthibitishwa, na kinachoweza kulithibitisha ni makadirio mengine mengi ya njia hiyohiyo. Viwango vya Marekani vya 2015 vina vipengele tisa vya kumkagua mchambuzi: vyanzo, mantiki, njia mbadala na kadhalika. Usahihi wa hukumu ni kimoja tu kati ya tisa. Ukaguzi wa namna hiyo humpata mwandishi nadhifu haraka kuliko unavyompata mtabiri mzuri.

Wachambuzi wakinipa namba zinazopishana?

Usiwalazimishe wakubaliane kabla hawajakuja kwako. Kabla ya operesheni ya Abbottabad, Pakistan, mwaka 2011, waliokadiria kama Osama bin Laden yumo ndani ya nyumba ile walitaja kuanzia asilimia 40 hivi hadi 95. Obama alisema kwamba kwake ilikuwa kama nusu kwa nusu. Kuna wanaomsifu kwa hilo. Mimi naona alitupa habari. Makisio huru ya watu wengi yakichukuliwa wastani huwa bora kuliko ya mmoja mmoja, na mashindano ya IARPA yalilionyesha hilo kwa wingi: walioshinda, kundi la Tetlock na Barbara Mellers, walikuwa raia wa kujitolea ambao namba zao zilichanganywa kwa kanuni, na wenye rekodi nzuri wakapewa uzito zaidi. Kinachohitajika ni kuuliza kama wenye 95 na wenye 40 wanajua kitu tofauti au wanakisoma kitu kilekile kwa macho tofauti.

Asilimia ngapi inatosha kuchukua hatua?

Hilo si swali la mchambuzi. Kama tahadhari inagharimu moja na maafa yanagharimu kumi, hatua inalipa uwezekano ukizidi asilimia 10. Kiongozi anayesubiri "uhakika" amejiwekea kizingiti cha 95 bila kujua, na kiongozi anayemwomba mchambuzi "aongeze kidogo" ili baraza lishtuke ameharibu kipimo kwa miaka.

Nani ashike daftari la alama?

Kinyozi hajinyoi. Idara isijipe alama yenyewe, na waziri anayezipenda au kuzichukia hukumu zake asipewe kalamu pia. Kinachofaa ni kitengo kidogo kinachoona siri zote, kisichoandika makadirio, na kinachoripoti kwa wasimamizi wa bunge na kwa wachambuzi wenyewe. Wachambuzi wasisahaulike: wengi wao hawajawahi kuonyeshwa rekodi yao hata mara moja.

Kwa nini iandikwe kabla? Si tunakumbuka tulichosema?

Hatukumbuki. Kabla ya safari za Rais Nixon wa Marekani za Beijing na Moscow mwaka 1972, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwauliza wanafunzi uwezekano wa mambo mbalimbali. Baadaye wakawaomba wakumbuke namba zao. Mambo yaliyotokea, wanafunzi "walikumbuka" kuwa waliyapa namba kubwa kuliko walizozitoa kweli. Hakuna aliyedanganya.

Tuanze na makadirio mangapi?

Na yale ya mwezi huu. Kila moja liwe na swali la ndiyo au hapana, tarehe ya mwisho, namba, kitengo kilichoitoa, namba ambayo takwimu za nyuma pekee zingetoa, na jina la mtu atakayeamua kama jambo limetokea, aliyekubaliwa na pande zote kabla. Namba ikibadilishwa, ya zamani isifutwe. Iandikwe mpya chini yake na tarehe yake. Kwa makadirio manne kwa wiki mtakuwa na mia mbili mwaka ukiisha, na kikao cha kwanza cha kuyasoma kisiitwe kabla ya hapo.